Safari ya Manyara Ambayo Baba Hakuitaka

Mimi ni karani wa mahakama, na mafaili mengi yanayopita mezani kwangu ni ya mirathi. Nimeshuhudia watoto wasiojulikana wakitokea baada ya msiba na vyeti vyao vya kuzaliwa mkononi, wamefanana na marehemu mpaka masikio, huku mjane amekaa kwenye benchi la nje anaangalia sakafu. Nayasema haya mapema ili nisilaumiwe sana kwa mambo niliyomfikiria baba yangu.

Mama alipofariki nilimchukua baba, akaja kuishi nasi hapa Ngokolo, Shinyanga mjini. Alikuwa dereva wa lori la pamba mpaka alipostaafu. Si msemaji, ila kuna hadithi moja aliyotusimulia utoto wetu wote: maji ya moto ya Manyara. Alisema kazini walimpeleka kule miezi mitatu, mimi nikiwa mdogo na mdogo wangu bado hajazaliwa. Maji yanatoka ardhini yenyewe yakiwa yanachemka, mvuke unapanda kama umefunua sufuria la msibani. Simba wanalala juu ya matawi, miguu inaning'inia. Tembo wanapita karibu mpaka unasikia matumbo yao yakinguruma. Mama alikuwa akisikiliza ameshika tama, halafu anasema, "Ipo siku utanipeleka." Hakupelekwa.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Geita, anakouza vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nililiona wazo lake ni zuri mno.

"Dada, shule zikifungwa tumpeleke mzee Manyara," alisema. "Gari ninalo. Aende akapaone tena kabla goti halijamkatalia kabisa."

Nikamwambia baba siku hiyohiyo, wakati wa chakula cha mchana. Nilitegemea atafurahi. Alirudisha tonge la ugali kwenye sahani, akanawa mikono, na chakula alikuwa hajafika hata nusu.

"Mbali huko, mayu," alisema. Ananiita mayu, mama kwa Kisukuma, kwa sababu nina jina la mama yake. "Na goti hili."

"Tutalala njiani, baba. Babati. Hutakaa garini siku nzima."

"Mvua zikikuta watu kule, barabara inafungwa."

"Ni kiangazi, baba."

Alitoka akaenda kukaa nje, kwenye kiti chake cha kamba.

Tuliendelea kupanga. Niliomba likizo, nikanunua daftari, nikaandika njia: Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu. Niliandika vya kubeba, tangu sweta hadi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Nilipata namba ya nyumba ya wageni pale Mto wa Mbu nikaongea na mama mwenye nyumba. Alikuwa mchangamfu. Nilipomwambia kwamba tunamleta mzee wetu aliyewahi kuishi huko zamani, akauliza, "Ana ndugu huku?"

Nikasema hapana. Lakini simu ilipokatika lile swali lilibaki, na ndipo nilipoanza kumwangalia baba kwa jicho la kazini.

Mtu aliyesifia mahali miaka yote kwa nini hataki kwenda kupaona? Nikaanza kumuuliza maswali madogo madogo, kama yanavyoulizwa mashahidi. Hayo maji yako upande gani ukiingia getini? Akasema kulia. Siku mbili baadaye, wakati namkatia kucha, nikauliza tena. Kushoto. Ulikuwa unalala wapi? Kwa watu. Watu gani? "Watu tu, mayu, watu wazuri," akasema, akauvuta mguu wake kabla sijamaliza.

Kisha akasema kitambulisho chake cha taifa kimepotea. Getini wananchi huonyesha kitambulisho, hilo alikuwa amelisikia kwangu wakati nasoma orodha. Tulipekua nyumba nzima. Baba mwenyewe alitusaidia kutafuta, ameinama na goti lake bovu anachungulia chini ya kabati. Wiki iliyofuata nilichukua kitabu cha nyimbo cha marehemu mama, nikimtafutia binti yangu wimbo wa kwaya. Kitambulisho kilikuwa katikati ya kurasa. Baba tu ndiye anayekigusa kile kitabu.

Nilikirudisha palepale. Nilimpigia mdogo wangu.

"Ana mtu kule," nikamwambia. "Au mtoto. Anaogopa tutawakuta."

"Kama tuna ndugu," mdogo wangu akasema, "si afadhali tuwajue sasa hivi, mzee angali hai?"

Maneno hayo yaliniudhi kuliko nilivyotegemea. Nilimkumbuka mama na mkono wake shavuni, akisubiri apelekwe kwenye maji ya moto ya mwanamke mwingine.

Baba alikuwa na utingo wake wa zamani, sasa ni mzee, anauza mbegu za mboga sokoni. Nilimfuata Jumamosi asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilinunua mbegu za mchicha nisizozihitaji, ndipo nikamuuliza kuhusu Manyara.

"Manyara?" alisema. "Na lori lile? Mwanangu, sisi mwisho wetu ulikuwa Singida, na hapo ni mara moja tu, likatufia njiani."

"Baba anasema alikaa huko miezi mitatu."

Aliangalia mizani yake. "Kweli kuna miezi hakuwepo. Mafuta ya magari yalikosekana, madereva wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Aliporudi alikuwa amekonda. Sikumuuliza, na wewe usiseme nimekwambia."

Sasa nilikuwa na ushahidi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kupanga nitakavyosema, na kwa siku tano nilimwandalia baba chai bila kumtazama usoni. Nadhani alijua. Alianza kuzima redio kila nilipoingia, kana kwamba anasubiri nimsomee mashtaka.

Mdogo wangu alikuja kutoka Geita Jumapili. Tulikula, watoto wakaenda kwa jirani. Baba alikuwa anabangua karanga kwenye ungo. Nilileta kile kitabu cha nyimbo, nikakifungua mbele yake, nikatoa kitambulisho nikakiweka juu ya karanga.

"Baba, huko Manyara una nani?"

Alikiangalia kile kitambulisho. "Sina mtu."

"Hukwenda kikazi. Lori lenu halikufika. Mimi nataka tu kujua kabla hatujafika mbele za watu tukaaibika. Kama kuna mtoto, sema."

"Dada," mdogo wangu akasema taratibu.

"Mwache," baba akasema. "Ana haki ya kuuliza." Alikung'uta maganda kwenye magoti. "Sijawahi kufika Manyara. Hata siku moja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke, kwa watoto watatu, kwa nyumba ya bati. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Nilikuwa Geita," alisema. "Kwenye maduara, mashimo ya dhahabu. Nilichimba."

Tulielewa mara moja kwa nini alificha. Kaka mkubwa wa mama alikwenda kuchimba dhahabu akafukiwa, na mwili wake haukutolewa. Mama aliapa kwamba hela ya shimoni haitapikiwa chakula nyumbani kwake. Hata mdogo wangu, alipofungua duka la vipuri, ilimbidi amwonyeshe mama leseni ya biashara ili aamini kwamba haingii chini.

"Hatukuwa na unga," baba aliendelea. "Wewe ulikuwa unaumwa kila wiki. Nikamwambia mama yako nimepata safari ya mbali, nikaondoka. Nilipofika kule nikakaa turubai moja na Mmbulu mmoja, kijana wa rika langu. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa maji ya moto. Kila tukimaliza kazi, tukikaa kunywa uji, anaanza. Simba juu ya miti. Tembo. Yale maji. Alikuwa anasimulia mpaka wenzetu wanamzomea, lakini mimi nilikuwa napenda. Akanifundisha na maneno ya kwao kidogo, tunacheka ninavyoyakosea."

"Yuko wapi sasa?" mdogo wangu akauliza.

"Mimi nilikuwa juu, kwenye winchi. Yeye yuko chini. Navuta kamba, nzito, nzito, halafu ghafla ikawa nyepesi." Baba alinyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja juu, akaiangalia. "Udongo ulishuka wote. Tulichimba siku tatu. Tulipompata tulimzika pembeni ya kijiji. Hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa. Sisi tulikuwa tunamwita kwa jina la utani tu. Tulichojua ni kwamba anatoka kule juu, Mbulu, na maji ya moto yako chini ya kwao."

Alirudi Shinyanga na gunia la unga na kitambaa cha mama. Mama alimkaribisha, akamwekea maji ya kuoga, akauliza alikokuwa. "Nilifungua mdomo nikidhani nitasema uongo mfupi," baba alisema. "Yakatoka maneno ya yule kijana. Yote, mpaka namna alivyokuwa akitikisa mkono. Mama yenu akafurahi. Kesho yake akaniomba nimsimulie tena."

"Na kwa nini hutaki kwenda?"

"Nikafike nikaonekane sipajui? Nyie ningewadanganya. Lakini kule kuna watu wake. Nikikutana na mama yake, au dada yake, nimwambie nini? Nimeishi na hadithi ya mtoto wao miaka yote hii na wao hawajui hata alipolala."

Mdogo wangu alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Mimi sikulia. Naona aibu kulisema hili: wakati baba anaongea, upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa bado unakagua. Niliona kwamba hadithi hii nayo haina shahidi. Mtu aliyeweza kuishi na hadithi moja ya uongo miaka yote hiyo, hashindwi kutunga ya pili Jumapili moja mchana. Nilimwomba mdogo wangu pembeni aulizie Geita. Aliulizia. Wazee wa kule walimwambia maduara yaliyoanguka miaka ile ni mengi, na Wambulu walikuwepo, na Wasukuma walikuwepo, na kila mtu alikuwa na jina la utani. Halikuwa jibu la kumtia mtu hatiani wala la kumwachia huru.

Baba mwenyewe ndiye aliyesema twende. Asubuhi moja nilimkuta amevaa viatu, kitambulisho kiko mfuko wa shati. "Lete hilo daftari lako," alisema, na kwa mara ya kwanza tukapanga naye. Alifuta Igunga kama mahali pa kula, akaandika Singida. Akaniambia niongeze blanketi. Aliuliza kama yule mama wa nyumba ya wageni ni mwenyeji wa kule au mhamiaji.

Tulilala Babati, tukafika siku ya pili. Hifadhi ni nzuri kuliko nilivyofikiria utotoni. Msitu ni mzito pale mwanzoni, nyani wamejaa barabarani kama wanafunzi waliotoka shule. Tembo tuliwaona. Simba juu ya mti hatukuwaona. Yale maji ya moto yanatoka kwenye mawe yakifuka, yanatambaa kuelekea ziwani, na hayarushwi juu wala hayachemki kama sufuria la msibani. Yananuka kidogo, kama kiberiti. Baba aliinama akayagusa kwa kidole, akakiondoa haraka, akabaki ameinama.

Kiongozi wetu wa hifadhi alikuwa kijana mrefu aliyesema nyumbani kwao ni juu, upande wa Mbulu. Alikuwa anatueleza kuhusu ndege wa ziwani, ndipo baba aliponyanyuka akamsalimia kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia mdomoni mwake. Maneno matatu au manne hivi, polepole. Kijana alicheka kwa mshangao, akajibu. Baba akajibu tena, akakosea, kijana akamrekebisha.

"Mzee, umejifunzia wapi?"

"Kwa rafiki yangu," baba alisema. "Alikufa Geita, machimboni. Kwao wanaweza kuwa wanamtafuta mpaka leo."

Wakasimama pale kwenye mvuke, baba anaeleza, kijana anasikiliza mikono nyuma. Nilisikia baba akieleza urefu wa yule mtu, kovu la juu ya jicho, namna alivyokuwa akitikisa mkono akisimulia. Urefu na kovu hakutuambia sisi siku ile ya karanga. Kijana alisema atawauliza wazee wa kwao, kwani familia ambazo vijana wao walikwenda machimboni wasirudi ziko kadhaa. Aliandika namba yangu ya simu, kwa sababu simu ya baba huwa haina chaji.

Mdogo wangu aliniangalia. Nikaangalia ziwa.

Imepita miezi sasa. Kijana amepiga mara moja tu, kusema bado anauliza. Namba ngeni ikiita, baba anasimama mlangoni mpaka nimalize kuongea, ananisoma uso. Mara nyingi ni mtu aliyekosea namba, au mteja wa mahakama anayeulizia faili lake. Nikitikisa kichwa, anarudi kukaa kwenye kiti chake.