Nilimsindikiza mama mkwe kung'oa jino Shinyanga, akapewa dawa ya kuondoa woga. Yaliyofuata sitayasahau

Wakuu wa jukwaa, wenye meno kamili na wenye mapengo, nawasalimu wote.

Ninachoandika hapa kimenikuta mwenyewe, Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage. Sijasimuliwa na mtu. Mke wangu anajua nusu tu ya habari hii. Kama kuna mtu humu anamfahamu, namwomba akae kimya.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Mke wangu ni mwalimu. Tuna mapacha, Kulwa na Doto, hivyo mtaani naitwa Baba Kulwa.

Sasa mama mkwe.

Yeye anaishi Ushirombo. Analima mpunga na alizeti, na ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani kwao. Nimemshuhudia akiua nyoka kwa jembe, akamsukuma pembeni kwa mguu, akaendelea kupalilia huku anamalizia hadithi aliyokuwa anasimulia. Huyo ndiye mama ninayemzungumzia.

Kwa mnaotoka mikoa mingine: kwetu Wasukuma mama mkwe haguswi. Humpi mkono, hukai naye benchi moja, hukai mkatazamana. Unasalimia ukiwa mbali kidogo, macho chini, unapita. Wapo wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Waje wamwambie yeye.

Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kumgusa hata kidole. Na yeye hakuwahi kulitaja jina langu.

Basi, akaja kwetu shavu limevimba kama ameficha limau mdomoni. Gego la chini. Huko Ushirombo alishaweka karafuu, akaweka ugoro, akasukutua mwarobaini mpaka ulimi ukapoteza ladha. Uvimbe ukawa unaelekea chini ya taya.

Mke wangu alikuwa Kahama, kule Nyasubi, kwenye semina ya walimu. Mashemeji zangu wako machimboni Geita, na simu zao zinapatikana wakitoka shimoni tu. Nikafikiria jirani yetu, Mama Neema, ndiye ampeleke.

Mama akakataa katakata.

"Baba Kulwa, sitaki mtu wa mtaani ajue."

Ajue nini? Jino ni jino tu. Sikuelewa mpaka tulipofika kliniki.

Dokta alikuwa dada mdogo tu kwa umri, mpole, anaamkia kila mzee anayeingia. Akamlaza mama kwenye kile kiti, akamfunga kitambaa kifuani. Mimi nimesimama mlangoni, uso ukutani, kama mila inavyotaka.

Nikasikia dokta anasema, "Mama, hii ni sindano ya ganzi, utahisi kama..."

Hakumaliza. Kitu kikanipita kama upepo.

Nageuka, kiti kitupu.

Wakuu, mama mkwe alikuwa ameshafika barabarani na kitambaa kifuani kinapepea. Nikamkimbilia. Na hapo ndipo nilipogundua tatizo. Nikimfikia nafanya nini? Simshiki mkono, simshiki nguo, siwezi hata kusimama mbele yake nikamkinga. Nikawa nakimbia naye sambamba, kwa umbali wa heshima, nikisema, "Mama, shikamoo. Mama, samahani. Mama, tusimame kidogo."

Watu wa bodaboda wakadhani namkimbiza mwizi. Mmoja akauliza kaiba nini. Nikamjibu, "Ni mama mkwe." Akasema, "Pole sana," akatulia.

Alipochoka akakaa kwenye ngazi za duka la vifaa vya ujenzi. Akawa analia kimya kimya, ameshika shavu. Sikuwahi kumwona analia. Nikakaa ngazi ya chini, nikampa mgongo.

Ndipo akanieleza. Alipokuwa binti mdogo aling'olewa jino bila ganzi. Wanaume walimshika mikono na miguu, mwingine akavuta. Lilivunjika, wakarudia. Tangu siku hiyo, akisikia chuma kinagonga sinia mwili wote unaganda.

"Kwenye jumuiya mimi ndiye nawatia moyo wanaokwenda kujifungua," akasema. "Wakijua naogopa jino nitaongea nini tena?"

Nilicheka wakati wa kukimbia, nakiri. Hapo sikucheka.

Tukarudi. Dokta hakukasirika. Alimpima presha, ikawa juu. Akasema kuna usaha, na uvimbe ukiachwa ushuke shingoni unaweza kubana njia ya hewa mtu akafa. Akampa dawa za kuua vijidudu vya usaha, turudi uvimbe ukipungua. Ukiongezeka, au akishindwa kumeza, tukimbilie hospitali bila kusubiri.

Kisha akavuta kiti, akaongea naye taratibu. Akasema woga wa meno ni kitu cha kawaida na una dawa zake. Kuna gesi ya kuvuta puani, unabaki macho ila umelegea, lakini wao hawana, iko hospitali kubwa. Kuna ya kupitisha kwenye mshipa, inahitaji mtaalamu wa usingizi awepo. Kuna nusu kaputi, ya kulazwa usingizi kabisa, ila kwa gego moja aliona haina haja. Na kuna dawa ya kunywa, unameza kabla, mwili unatulia, halafu ganzi inachomwa kama kawaida.

Mama akauliza, "Nitalala?"

"Hutalala kabisa. Utakuwa kama mtu ambaye hajali."

"Nataka hiyo ya kutojali."

Dokta akauliza dawa zote anazotumia, hadi za miti shamba. Mama akataja karafuu tu. Nikakohoa. Akataja na ugoro. Nikakohoa tena. Ikatoka na chupa fulani ya mizizi ambayo hata mimi sikuijua. Dokta akamwomba aiache kabisa.

Sharti la mwisho: lazima aje na mtu mzima wa kukaa naye, kumrudisha nyumbani na kumwangalia mpaka dawa iishe mwilini.

Dokta akanitazama mimi.

Mama akatazama dari.

Siku ya siku ikafika. Shavu limepungua, presha imeshuka. Akameza dawa yake na maji kidogo, tukakaa kwenye benchi, yeye kule, mimi huku, katikati nimeweka mkoba wake uwe mpaka.

Dawa ikaanza kumwingia. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili. Akausifia ukuta kwamba umepakwa rangi vizuri.

Halafu akauondoa mkoba.

Akasogea. Akaweka kichwa begani kwangu.

Wakuu, niliganda kama nondo. Nikamwomba Mungu asipite Msukuma yeyote.

"Masanja," akasema. Jina langu! "Masanja, mabega yako yana mifupa. Unakula kweli wewe?"

Nesi akatoka kuangalia hali. Mama akamwita, akaninyooshea kidole karibu kabisa na pua.

"Dada, unamwona huyu? Huyu mimi nilimkataa. Alipokuja kujitambulisha nikasema, mwanangu anaolewa na miguu ya korongo. Nikasali novena, siku tisa, ndoa isifungwe. Nikasali ya pili."

Nesi anajikaza asicheke. Mimi natazama sakafu, inauma, siwezi kudanganya. Siku ile ya kujitambulisha niliondoka nikijua hanitaki, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili tofauti.

Mama akashusha kidole. Kisha akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe:

"Mungu hakunisikiliza. Namshukuru sana. Angenisikiliza ningempata wapi huyu?"

Nikatoa leso. Nikasema ni vumbi la kwenye kazi ya kuchomelea.

Tukaitwa ndani. Mama akalala kwenye kiti mwenyewe, hakuna kuganda. Sindano ilipokaribia akatoa mkono pembeni, kiganja wazi.

"Masanja. Nishike."

Nikamtazama dokta. Dokta akasema, "Kaka, chagua haraka, mila au jino."

Nikamshika. Mkono mgumu, umejaa sugu za jembe. Alinibana vidole mpaka nikahisi mimi ndiye ninayehitaji ganzi.

Jino likatoka. Dokta akaliweka kwenye kisahani, akaweka pamba, akasema ang'ate.

Mama akafumbua jicho moja. "Mnaanza saa ngapi?"

Kumrudisha nyumbani ilikuwa kazi nyingine. Bajaji ilitushusha mwanzo wa mtaa kwa sababu ya mtaro uliochimbwa. Ikabidi nimshike mkono, tupite Kambarage mchana kweupe, mtu na mama mkwe wake. Njiani akaiamkia pikipiki iliyoegeshwa. Haikuitikia, akaiambia haina adabu.

Mama Neema alikuwa anaanua nguo. Akatuona. Nguo zikamdondoka.

Asubuhi yake mama alikuwa mzima kabisa. Kilemba kimefungwa sawasawa, ameketi ameupa mlango mgongo.

"Baba Kulwa, jana nilisema neno lolote?"

"Hapana mama. Ulitulia tu."

"Vizuri."

Dokta alishatuambia kwamba wengi huwa hawakumbuki. Mke wangu aliporudi nikamwambia jino limetoka salama. Mama akarudi Ushirombo, tukaendelea kusalimiana kwa mbali, macho chini. Nikajua yameisha.

Juzi akanipigia simu.

"Baba Kulwa, kuna mwenzangu wa jumuiya ana gego, analia usiku na mchana. Nimewaambia wote kwamba na mimi niliogopa, na nikatibiwa. Atakuja kwenu. Mpeleke kwa yule binti wa meno, apewe dawa ile. Na umshike mkono, kama ulivyonishika mimi."

Nikaweka chini mashine ya kuchomelea.

"Mama... kumbe unakumbuka?"

Nikasikia kuku wa kwake huko nyuma.

"Nakumbuka mkono tu," akasema. "Mengine sikumbuki. Na wewe hukumbuki."

Akakata simu.

Funzo langu wakuu: kama una mzazi anavumilia jino bovu, usimcheke na usimwite mkaidi. Muulize anaogopa nini, kisha mpeleke kwa daktari amweleze njia zilizopo. Asimeze dawa za usingizi za dukani kwa kubahatisha, na asifiche anachotumia. Na umsindikize wewe mwenyewe, usimtafutie jirani.

Mliowahi kupewa dawa hizi, leteni yenu, mlisema nini? Na Wasukuma wenzangu nishaurini: huyo mama anayekuja kesho si mkwe wangu kabisa. Je, namshika mkono au nampa kipande cha nondo ashike?