Wino Mweusi Umekwisha

Mbele ya yote mujue kwamba miye si mutu wa uongo. Katika sekretaria yangu ya mutaa wa Mbunya, hapa Bunia, kile chumba cha mbao ninamopigia watu barua, fotokopi na picha, mutu akileta karatasi ya kughushi namwambia usoni kwamba ni ya kughushi, na akinuna anune. Lakini juma lile nilidanganya siku tatu mufululizo, na niliyemudanganya ni baba mukubwa, kaka ya marehemu baba yetu, muzee ambaye hata leo siketi mupaka yeye aketi.

Mudogo wangu anauza samaki. Kila juma anashuka Kasenyi, bandarini kwenye ziwa, ananunua, na mara nyingine anavuka ziwa mupaka upande wa Uganda. Siku moja ya mvua tulisikia pirogi, mutumbwi mukubwa wa injini, imezama katikati ya maji. Simu yake ilikuwa haipiti. Maiti zingine zilipatikana, zingine hapana, na yeye hakuwa katika waliokufa wala katika waliopona. Nyumbani kwetu Saio, mama aliketi karibu na mulango, simu kwenye mapaja, na hakuna aliyethubutu kumuomba hata aende kuoga.

Siku ya nne baba mukubwa akaingia sekretaria, akavua kofia.

"Toa picha yake, A4. Tia utepe mweusi kwenye kona, na musalaba chini."

Kwetu, mutu akifa, uso wake unatolewa mukubwa hivyo, unatiwa plastiki, unatangulia mbele ya jeneza. Nimetoa nyingi, kuna majuma mashine yangu haikutoa kitu kingine. Na kama maiti haikupatikana, karatasi ile ndiyo inawekwa kwenye kiti, katikati ya kilio, pahali pa mutu. Ikishawekwa, imekwisha. Watu wanalia, wanakula, wanakunja turubai, na hakuna anayeshuka tena ziwani kuuliza. Miye ndiye nilitakiwa kumuzika mudogo wangu kwa mukono wangu.

"Baba, wino mweusi umekwisha," nikasema.

Imprimanti yangu, ile mashine ya kuchapa, ina vikopo vinne vya wino ubavuni, na kila mutu anaona wino umefika wapi: njano, nyekundu, bleu, nyeusi. Bahati, nilikuwa nimeifunika kwa kitenge, sababu ya vumbi. Sijawahi kushukuru vumbi la Bunia isipokuwa siku ile. Muzee aliangalia kile kitenge, akavaa kofia, akaenda.

Siku ya tano nikamwambia umeme hakuna. Kinyozi wa jirani alikuwa ananyoa kwa mashine, vruu vruu, na muzee si kiziwi. Akaenda tena. Usiku sikulala, niliogopa kwamba kesho sitakuwa na uongo mwingine.

Siku ya sita nilirudia ule wa wino. Nilikuwa sijamaliza kusema, akanyoosha mukono, akainua kitenge.

"Njia ya mwongo ni fupi, mutoto wangu. Nyeusi iko imejaa."

"Weye unataka afe!" nikapiga kelele, na kulikuwa na muchuuzi mumoja wa kahawa anangoja fotokopi zake. Hakuna mutu anasemesha baba mukubwa hivyo. Nilingoja kofi. Badala yake akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Niko nataka mama yako alale," akasema. "Siku sita hajafunga macho. Kungoja nako kunaua." Akaikunja kofia mikononi, akaikunjua, akaikunja tena. Yeye pia alikuwa na woga, na miye nilikuwa nimemufanya adui.

Basi nikabonyeza. Mashine yangu haina haraka: ilitoa nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha nyusi. Macho yalipoanza kutokea nikachomoa waya. Ee Mungu, sikuweza. Muzee aliangalia ile nusu ya kichwa imening'inia kwenye mashine, akafumba macho yake.

"Nipe kesho tu," nikamwambia. "Nitakutolea moja na utepe, uende nayo. Lakini usiiweke kwenye kiti mupaka kesho jioni. Nitashuka Kasenyi mwenyewe."

Akakubali. Nikamutolea yake. Zangu nilitoa kumi, bila utepe, bila musalaba, juu nikaandika kwa herufi kubwa: ANATAFUTWA, na chini namba ya mama. Asubuhi nikapanda pikipiki.

Kumbe nilikuwa nimekosea mbaya. Wamama wanaoanika samaki waliona ile karatasi mukononi kabla sijafungua kinywa, wakaweka mikono kichwani. "Pole, mama! Pole sana!" Mumoja akaanzisha wimbo wa kilio. Na ni kweli, uso mumoja, A4, nani kwetu anamutolea hivyo mutu anayepumua?

"Aka! Musinililie! Angalieni uso, munamujua?"

Hawakuangalia. Kila niliyemupa karatasi alinipa pole. Karatasi ya tano, ya sita, ya nane. Ilipofika ya mwisho nilikuwa nimeanza kuitika: asante, asante. Niliisikia sauti yangu, nikaogopa kuliko siku zote. Nikaibandika ukutani, pale pirogi zinapofika, nikapanda pikipiki nikilia.

Saio nilikuta turubai imekwisha kusimama. Jioni ilikuwa imefika, na muzee ni mutu wa neno lake. Mudogo wangu alikuwa kwenye kiti, ndani ya plastiki, na utepe wangu kwenye kona. Mama alimuangalia bila machozi. Simu ilikuwa bado kwenye mapaja yake.

Ikalia. Namba hatukuijua. Mama akaweka sikioni.

"Mama, ni miye. Simu yangu ilianguka ndani ya maji ng'ambo na namba zote, nikaikosa na ile pirogi iliyozama. Niko Kasenyi, namba yako nimeisoma ukutani. Watu wananikimbia! Nani ametundika uso wangu huku?"

Tulisikia wote, maana simu yake inapiga kelele. Mama akaangalia kile kiti, akaangalia simu.

"Weye nani?" akauliza. "Ongea tena. Usinyamaze. Ongea."

Picha ile hakuna aliyejua tuifanye nini. Kuchoma uso wa mutu aliye hai haiwezekani, kupasua vilevile. Mama aliifungia sandukuni chini ya nguo zake. Na baba mukubwa, baada ya kulia na kucheka, akanivuta pembeni: "Ile iko ndani ya kompyuta yako, usiifute. Hatujui kesho." Nilikasirika, sikumusalimia juma zima. Lakini sijaifuta, kwa sababu ninaishi hapa, na najua alichosema.

Mudogo wangu angali anashuka Kasenyi. Kila anapoondoka nachukua sindano, navuta wino mweusi wote kutoka mashine, naurudisha katika chupa, chupa naificha nyumbani. Wateja wanalalamika. Leo pia amekwenda, na tangu saa sita simu yake haipiti. Nimeondoa kitenge ili kila anayeingia ajionee: wino mweusi umekwisha.