Picha Aliyoipenda Bwana Lachlan

Torika aliwadharau wateja wake wote, wala hakuona haya kusema hivyo. Alikuwa mpiga picha wa kujitegemea mjini Suva, Fiji, na kazi iliyomlisha ilikuwa harusi za watalii. Mwezi wa Januari alimpiga picha bibi harusi kutoka Brisbane aliyetaka mashujaa wa Kifiji wasimame nyuma yake na marungu, wamekunja nyuso. Mashujaa wenyewe walikuwa wapishi wa hoteli, pamoja na mhasibu mmoja mwenye kitambi.

"Kunjeni nyuso, jamani, tukale," Torika aliwaambia kwa Kifiji. Wakakunja. Bibi harusi akatokwa na machozi kwa jinsi alivyoguswa, naye Torika akabonyeza kamera huku akimwona mjinga asiye na dawa.

Baada ya hapo akaitwa na shirika moja la misaada. Kimbunga kilikuwa kimepita kisiwa cha Kadavu, na shirika lilitaka picha za kuombea michango. Akapanda meli pamoja na mkuu wao wa habari, Bwana Lachlan, mtu wa Melbourne aliyevaa kizibao chenye mifuko kila mahali. Safari nzima mtu huyo alikuwa ama anatapika, ama anamweleza Torika jinsi anavyowaelewa watu wa visiwani.

Kijijini wakamkuta Bibi Makereta, mjane aliyeng'olewa paa lote la nyumba. Aliposikia anakuja mpiga picha, alivaa gauni lake la kanisani, jeupe, limepigwa pasi, akachomeka ua sikioni. Ukoo wa Torika na watu wa kijiji kile ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo bibi hakumkaribisha. Alimtukana.

"Wewe mla matope, nani kakuruhusu kukanyaga hapa? Hata kimbunga kilibisha hodi!"

"Nilikuja kumpiga picha mtu mzuri, Bibi. Nimemkosa. Basi nitakupiga wewe."

Bibi Makereta akacheka mpaka akashika nguzo.

Bwana Lachlan hakupendezwa. "Ana furaha mno," akamnong'oneza Torika. "Mwambie avae nguo za kawaida. Na asicheke, wachangiaji hawatamwelewa."

"Anasemaje huyo mzungu?" bibi akauliza.

"Anasema umependeza kupita kiasi."

"Mwambie iliyobomoka ni nyumba. Mimi bado."

Torika akamtafsiria neno kwa neno. Lachlan akatoa tabasamu la kumvumilia mtoto, kisha akaishika kazi mwenyewe. Akaburuta bati lililopinda kutoka kwenye rundo nyuma ya kanisa, akaliegemeza mlangoni pa bibi. Akaokota mwanasesere aliyetupwa, akamlaza juu ya bati, akarudi nyuma kutazama, akamgeuza kifudifudi. Hakuridhika. Akapiga magoti, akachota tope, akaanza kumpaka mwanasesere usoni kwa uangalifu kama mama anayemnawisha mwanawe.

Hapo ndipo Torika alipompiga picha.

Kwa miaka kadhaa alikuwa na mradi wake mwenyewe, ambao hakuna aliyeuagiza: kuwapiga picha wanaomwagiza kazi wakati wanapoupanga uongo wao. Alikuwa na picha ya mke wa balozi akiwavua watoto viatu. Alikuwa na ya mwandishi wa gazeti akimfundisha mvuvi namna ya kushika mkuki. Lachlan na mwanasesere waliwapita wote, maana uso wake ulikuwa umejaa upole wa mtu anayetenda wema.

Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoitiwa, akampiga picha Bibi Makereta kando ya bati. Hilo lilimkaa vibaya. Bibi ndiye aliyemtoa aibu: "Haya, nimenuna. Fanya upesi, magimbi yanaungua."

Mwezi wa Novemba Torika alifanya maonyesho ya mradi wake katika ukumbi mdogo jirani na soko la Suva. Picha ya Lachlan aliichapisha kubwa kuliko zote. Wauza samaki waliingia wakiwa na aproni zao, wakacheka mpaka wakaketi chini. Halafu Lachlan mwenyewe akatokea mlangoni. Kicheko kikakatika. Torika, aliyekwisha kuandaa maneno makali, akakunja mikono akamsubiri.

Lachlan akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya picha yake.

"Sikujua ulinipiga," akasema. "Umeninasa kabisa."

"Nimekunasa, ndiyo."

"Nimepiga magoti topeni, pamoja nao. Naweza kupata nakala? Mama yangu atafurahi sana."

Torika akamtazama machoni akitafuta mzaha. Haukuwamo. Vasiti, muuza samaki rafiki yake, akaziba mdomo kwa aproni akakimbilia nje.  Torika akampa Lachlan nakala.

Shirika likaiweka picha ile kwenye jalada la taarifa yake ya mwaka, na Lachlan akamsifu Torika kwa wenzake kwamba anajua kuonyesha moyo wa mtu. Simu zikaanza kumiminika. Ya kwanza ilitoka kwa shirika lililotaka aende Tonga.

"Na utakwenda?" Vasiti alimuuliza, akipara samaki.

"Nitakwenda."

"Huna haya wewe."

"Sina," Torika akasema, na safari hii dharau iliyokuwa sautini mwake haikuwa ya wateja peke yao. "Nichagulie samaki mmoja, changu mwenye mafuta, nina njaa."