Nilisema Hatuhitaji Mkalimani, Sasa Bi Rukia Anasubiri Majibu

Admin, naomba unisitiri jina. Walio karibu nami watanitambua tu, lakini nisitiri hivyo hivyo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, Mpemba, naishi na mama yangu Kingsbury, hapa London. Tulikuja baada ya vurugu za kisiasa za 2001 kule kwetu, nikiwa na miaka kumi na tatu. Kiingereza kiliniingia mimi haraka, mama hakikumwingia, kwa hiyo akienda kwa daktari au ofisi ya nyumba mkalimani ni mimi. Mliolelewa huku mnaijua kazi hiyo.

Chuoni nilisoma mambo ya sera za serikali. Nilipomaliza nikapata nafasi ya kujifunza kazi kwenye taasisi moja karibu na Bunge, wanaandika ripoti za kuishauri serikali. Nafasi yenyewe haina mshahara, hata nauli hawakupi. Wenzangu pale baba zao wanawalipia kila kitu, na mama yangu anafanya usafi maofisini. Nilishakata tamaa. Ndipo Bi Rukia, jirani yetu na shoga yake mama, akawakusanya wanawake wa jumuiya yetu. Wakapika biriani na sambusa wakauza, wakachangishana, wakaanzisha ufadhili wa vijana wetu wanaopata nafasi kama ile yangu. Mimi nikawa wa kwanza. Siku ya kunikabidhi fedha hizo Bi Rukia aliniambia, "Nenda ukakae na wakubwa, mwanangu. Sisi hatuna mtu huko ndani. Ukatusemee."

Sasa sikilizeni nilivyowasemea.

Bosi wangu alikuwa anaandika ripoti kuhusu wakalimani wa hospitali, kama kweli wanahitajika au ni gharama tu. Siku moja kwenye kikao akanigeukia akaniuliza, watu wa kwenu mnafanyaje? Jamani, tangu nifike pale nilikuwa natoa fotokopi na kuchemsha chai, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu cha maana. Nikavimba kichwa. Nikasema kwetu hakuna shida, watoto tunawatafsiria wazazi wetu, mimi mwenyewe namtafsiria mama tangu nikiwa mdogo na hatujawahi kukwama. Bosi akafurahi, akasema huo ndio mfano aliokuwa anautafuta.

Nilisema uongo, na nilijua kuwa nasema uongo. Mama aliwahi kupata maradhi ya kike, na mbele ya daktari akaninong'oneza, "Mwambie tumbo." Nami nikasema tumbo. Daktari alipouliza maswali yake, mengine niliyameza mwenyewe kwa sababu niliona haya kumtamkia mama yangu maneno yale. Kwetu mtoto na mzazi wana mpaka wao, hata mtoto awe na Kiingereza cha Malkia. Lakini pale ofisini nilitaka tuonekane watu tunaojiweza. Niliona aibu kusema kwamba tunaona aibu.

Maneno yangu yakawekwa mwanzoni kabisa mwa ripoti, bila jina. Baadaye kulikuwa na mkutano na wakubwa wa hospitali za upande wetu, na mimi nilikuwa ndani nagawa chai. Mmoja akayasoma kwa sauti. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, nami nikaendelea kumimina. Haikuchukua muda, mkalimani wa Kiswahili hospitalini kwetu akaondolewa. Ukienda sasa unaambiwa uje na mtu wa familia.

Mtu wa familia wa Bi Rukia ni mwanawe wa kiume, kijana mstaarabu, hana kosa lolote. Tangu Ramadhani Bi Rukia alikuwa anatoka damu, na hedhi yake ilikatika zamani. Atayasema vipi hayo mwanawe akiwa amekaa pembeni yake? Akasema tumbo. Akapewa dawa za tumbo. Akarudi, akasema tumbo tena. Tulikuwa tunamwona anapungua mwili, sisi tukidhani ni kazi nyingi.

Wiki iliyopita ndipo alipomfungukia mama, na mama akanituma nimpeleke. Safari hii nilitafsiri kila neno, sikumeza kitu. Daktari uso ukambadilika, akaagiza vipimo vya haraka, akauliza kwa nini hakusema muda wote huo. Bi Rukia akajibu, "Mwanangu alikuwepo." Na hilo pia nikalitafsiri, mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu.

Kwenye basi akanishika mkono, akaniombea dua mpaka machozi yakanitoka. Kisha akasema, "Wewe unakaa na wakubwa, mwanangu. Hebu niulizie, nani aliyewaambia kuwa sie hatuhitaji mkalimani?"

Nikasema nitauliza.

Ndugu zangu, sili, silali. Bosi amenipa kazi ya mshahara, naanza mwezi ujao, na anataka niendeleze ripoti ile ile. Jumapili wanawake wanasoma dua nyumbani kwa Bi Rukia kunipongeza, na hapo hapo watamtaja msichana wa pili wa ufadhili, ambaye bosi ameahidi kumpokea. Nikienda kumwambia bosi kuwa mfano wake ulikuwa uongo, kazi sina, na mlango wa yule msichana huenda ukafungwa pia. Mama nimemweleza yote. Alilia kwanza, halafu akasema funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mimi kila nikifumba macho namwona Bi Rukia kwenye kile kiti cha daktari, kaning'ang'ania mkono.

Majibu yake bado hayajatoka. Leo asubuhi kapiga simu, nikadhani ameitwa hospitali. Kumbe anataka kujua kama wale wakubwa wameshanijibu.

Nishaurini jamani, nimwambie nini?