Kisu cha Kukunja cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Katoro miezi michache baada ya kufiwa na mumewe. Tangu siku ya kwanza hakunipenda, nami sikumpenda. Nasema mapema, asije mtu akadhani nilichofanya nilikifanya kwa wema.

Alitoka kijiji kimoja karibu na Tinde, akaja na sanduku la bati, kuku wawili na kisu cha kukunja cha marehemu. Kisu chenyewe alikifunga kwenye pindo la khanga, kiunoni. Akitaka kumenya kiazi, anakitoa. Visu vyangu vya jikoni alisema vinanuka sabuni. Lakini hicho chake kilikuwa kigumu, kimejaa kutu na matope ya miaka, hata ilibidi aushike ubapa kwa meno ndipo kifunguke. Kikifunguka, kinakwaruza.

Mimi ni fundi cherehani. Chuma kinachokwaruza nakisikia kama wengine wanavyosikia mtoto akilia. Asubuhi moja nikamwambia, "Mama, nipe nikitie mafuta kidogo, usije ukavunja jino."

Hakuniangalia. "Kitu cha mume wangu hakiguswi na mtu ambaye hakumzika."

Siku ya mazishi nilikuwa nimelazwa hospitali, mimba ya miezi mitano imeharibika. Yeye alilijua hilo. Mume wangu pia alilijua, na alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda anakunywa uji. Akaendelea kunywa.

Basi nikangoja. Jumapili moja alibadili khanga, akavaa ya kwendea kanisani, kisu akakisahau kitandani. Hakuwa amefika hata njia panda nilipokuwa tayari nimekiweka mezani, chini ya taa ya cherehani.

Nilikifungua kwa koleo. Nikachanganya maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua ubapa kwa mswaki wa zamani, kisha nikachokonoa ndani ya mpini kwa sindano nene ya kushonea magunia. Yakatoka matope meusi, nyuzi za pamba, maganda, na kitu kama damu kavu ya mbuzi. Nikakisuuza, nikakifuta, nikakianika juani hadi kikakauka kabisa, maana mafuta juu ya maji ni kazi bure. Halafu nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani pale kwenye msumari ubapa unapozungukia. Nikafungua, nikafunga, nikafungua, nikafunga. Mafuta yakatoka yamechafuka kama chai ya rangi. Nikafuta, nikaongeza tone. Mara ya nne yalitoka meupe, na kisu kikafunguka kwa kidole gumba bila sauti.

Nilifurahi. Sikufurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kwa sababu nilikatazwa na nimefanya. Nikakirudisha kitandani, vile vile alivyokiacha.

Alirudi, akavaa khanga yake ya nyumbani, akakifunga kiunoni bila kukitazama. Alasiri aliinama kuokota ungo uani, nikamsikia akipiga yowe. Damu ilikuwa inamtiririka pajani hadi kwenye kifundo cha mguu. Kisu kilikuwa kimejifungua ndani ya pindo.

Wapangaji wenzetu wakatoka. Nikachukua kitambaa cha pamba nimfunge, akaupiga mkono wangu. Akakiokota kisu, akakinusa, akanigeukia.

"Umekigusa."

"Nimekisafisha, mama."

"Umetaka kuniua!" Akayarudia kwa Kisukuma, ili wale waliokuwa hawajaelewa waelewe.

Jirani mmoja alimpeleka zahanati, akashonwa nyuzi tatu. Mume wangu aliitwa kutoka karasha, mahali wanaposaga mawe ya dhahabu, akafika uso mzima vumbi.

"Ulikatazwa, hukukatazwa?" akaniuliza mbele ya watu.

"Nilikatazwa."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu mama yako alinitukania mtoto wangu aliyekufa, na wewe ukanywa uji."

Aliingia ndani kwa mama yake.

Asubuhi yake mama mkwe akatoka akichechemea, akaketi kizingitini. "Nipe nyundo," akaniambia. Nikampa. Akakilaza kisu juu ya jiwe la kunolea, akaugonga ule msumari mara mbili, si kwa nguvu, akakijaribu, akaugonga tena mara moja. Kikawa kinafunguka kwa kidole lakini kwa kushikilia kidogo, na kikifungwa kinatulia.

"Hiki hakina springi," alisema. "Kinajishika chenyewe, kwa ile kutu. Wewe unajua cherehani tu."

Alisema kweli, na hilo liliniuma kuliko mkono alionipiga. Miaka yote ile nafungua mashine za watu, na sikuwa nimejiuliza ni nini kilichokuwa kinaushikilia ubapa ule usitoke. Ningeweza kusema samahani pale pale. Neno lilifika mdomoni. Nikamtazama alivyokaa, kidevu juu, akingoja nilitamke, nikalimeza.

Hakukaa sana baada ya hapo. Nyuzi zilipotolewa alisema anakwenda Chato kwa binti yake, ambako watu wanajua kuishi na wazee. Nilimbebea sanduku hadi stendi, kwa kuwa majirani walikuwa wanatazama.

"Safari njema, mama," nikasema.

Akapanda basi. Kupitia dirishani alimwambia mwanawe, "Huyo ukimwacha, niite."

Niliporudi nilikaa kwenye cherehani, nikashona sare mbili za shule kabla ya mchana, mguu wangu mwepesi kwenye pedeli. Mume wangu hakusema nami siku nne. Siku ya tano aliuliza chumvi iko wapi, nikamwonyesha kwa kidole.