Gia ya Siku ya Shida

Baba alituachia pikapu yenye vijiti viwili vya gia. Kile kirefu kilikuwa cha kila siku. Kile kifupi, kinachoamuru gia boksi ndogo ipeleke nguvu kwenye magurudumu ya mbele, hatukuruhusiwa kukigusa. "Hiyo ni ya siku ya shida," alisema, kama mama alivyosema kuhusu vikombe vya wageni, ambavyo alivihifadhi kabatini mpaka alipofariki, vingine bado vina karatasi za dukani.

Walipotutoka wote wawili niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Baadaye nikajifunza kuliendesha gari hilo, nikabeba nyanya na mchele kutoka Kisesa hadi sokoni Mwanza mpaka wadogo zangu wakakua. Amri ya baba niliishika. Penye tope nilizunguka, au nilisubiri likauke. Mafundi waliponiuliza kwa nini situmii foowili, yaani magurudumu yote manne, nilijibu kwa fahari kwamba naitunza.

Kisha bibi yetu, mama yake mama, akaja kukaa nasi kwa sababu ya macho. Hospitali walituambia ni presha ya macho. Dawa ingechelewesha giza, isingelizuia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Mke mwenzangu, nirudishe nyumbani nikapaone. Nikishapaona, giza lije tu."

Ndivyo anavyonitania tangu utotoni. Naye mdogo wangu wa kiume, bibi humwita mume wake.

Kwake ni upande wa Misungwi. Ukipita Usagara, kabla ya kufika Kigongo, unaacha lami na kushuka mbugani, halafu unapanda kilima cha mawe. Ukikaa mlangoni pake unaliona ziwa lote. Tuliondoka asubuhi, sisi watatu tumebanana mbele, mbingu nyeupe kabisa. Hatukujua kwamba huko mbugani mvua ilikuwa imeshanyesha. Udongo mweusi ukatushika, magurudumu ya nyuma yakajichimbia.

"Dada," mdogo wangu akasema, "shida si ndiyo hii?"

Nikakishika kijiti kifupi. Hakikutikisika. Yeye akakivuta kwa mikono miwili, mguu ameukita kwenye dashibodi. Kitu kikakatika chini yetu. Kijiti kikawa chepesi kama kijiko ndani ya kikombe, na tangu hapo injini ilinguruma tu, hakuna gurudumu lililozunguka.

Mkulima mmoja alikuja na maksai wake. Alimwamkia bibi, akalizunguka gari.

"Hili si ndilo mnasema linatembea kwa miguu yote minne?"

"Leo limeamka vibaya," bibi akamjibu. "Wewe funga ng'ombe wako, acha kumcheka mgonjwa."

Nilimwomba ampeleke bibi kwa mkokoteni. Alitikisa kichwa, mbele kijito kilikuwa kimejaa. Maksai wakatuvuta kinyumenyume hadi penye changarawe. Kutoka pale kilima kilionekana vizuri. Bibi alikikazia macho, kisha akasema anaona moshi tu.

Gereji, tulikofika kwa kuvutwa, fundi alipofungua gia boksi ndogo, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa.

"Maji yaliingia siku nyingi. Uma unaosukuma gia umeliwa na kutu, ukashikana, mlipoulazimisha ukavunjika. Mara ya mwisho mliitumia lini?"

"Hatujawahi. Tulikuwa tunaitunza."

Alijifuta mikono. "Hii inatunzwa kwa kutumiwa, dada. Hata kidogo tu kwenye vumbi, oili ifike kila mahali."

Uma wa gari la zamani vile haukupatikana Mwanza. Uliletwa kwa basi kutoka Dar, ukakataa kuingia; tukaagiza mwingine. Masika yakakolea. Wenye magari tuliowaomba hawakutaka hata kuisikia ile mbuga. Kila asubuhi bibi alikaa kizingitini akitazama jabali lililo juu ya nyumba za jirani, kujipima macho. Siku moja alisema, bila kugeuka, "Leo lile jiwe wamelihamisha."

Tulimpeleka kiangazi. Njia ilikuwa ngumu kama sakafu, gari lisingehitaji msaada wowote. Hata hivyo tulipoacha lami nilivuta kijiti kifupi, kikaingia bila kelele. Bibi alipapasa mpaka akakipata.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, bibi."

"Kimeingia?"

"Kimeingia."

Akakiachia. "Haya. Nenda polepole, uniambie."

Nikamwambia: kijito kimekauka, minyaa ya jirani imekatwa, mbuzi wapo juu ya mawe. Tulimkalisha mlangoni pake, naye akaelekeza uso kwenye zizi. Mdogo wangu akataka kumgeuza. Nikamzuia. Upepo ulipovuma bibi akajigeuza mwenyewe, taratibu, mpaka akalikabili ziwa.

"Mitumbwi ipo?"

"Ipo."

"Anza na ule wa mbali zaidi," akasema.