Chuma Nilichokitupa Kwenye Lundo la Mawe

Siku ya kwanza kazini nilifika shambani kabla ya jua, kumbe nimechelewa. Lilikuwa shamba la pamba upande wa Busisi, na vibarua walishajipanga. Nyampara Mkuu, yaani msimamizi wetu, hata shikamoo yangu hakuipokea.

"Hapa tunalima kwa mstari. Jembe likilia umegonga jiwe. Litoe, litupe kwenye lundo mpakani. Ukibaki nyuma, rudi kwenu."

Msimu wa pili jembe langu likalia vingine. Nikachimbua chuma chenye kutu, kinene katikati kama papai changa, nyuma kina mapezi kama samaki. Wakati wa vita vya Kagera askari walipiga kambi pale wakisubiri kivuko. Nilijua hilo, kila mtu alijua. Lakini mstari ulikuwa unaniacha na Nyampara Mkuu ananikodolea macho. Nikakitupa kwenye lundo. Sikumwambia mtu.

Baadaye nilipelekwa ghala la pamba Kamanga, chini ya Karani wa Mizani. "Mama huyu kusoma hajui," alikuwa akisema juu yangu, "lakini wezi wanamwogopa." Niliporudi shambani nilikuwa nyampara mwenyewe, nina filimbi shingoni. Mlio mmoja mrefu, kila mtu anaacha alichoshika na kuja nilipo. Maswali baadaye.

Bwana Shamba alitaka miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa kila baada ya mavuno, wadudu wasihamie msimu ujao. Sisi tuliichomea juu ya malundo ya mawe, kila mwaka lundo jingine, maana mawe yakishika moto yanaivisha viazi vizuri. Hilo hatukufundishwa na mtu.

Mwaka ule daraja la kuchukua nafasi ya kivuko linajengwa, wanyampara tukaitwa ofisi ya kijiji. Shamba la jirani kulichimbuliwa kitu. Askari wa mabomu akatuonyesha picha. Papai changa, mapezi nyuma.

"Hili ni bomu la vita," akasema. "Usiliguse, usilisogeze. Na moto ndiyo kabisa!"

Nilikijua chuma kile. Asubuhi ile kiberiti cha kuchomea miti nilikuwa nimemwachia Kabula, msaidizi wangu, mama wa watoto wanne.

Nikapanda bodaboda. "Bibi, kuna mgonjwa?" "Wewe endesha."

Moshi niliuona kabla ya shamba. Watu wamelizunguka lundo lile lile, wanacheka. Nikashuka mbali, kwenye kichuguu. Ningewakimbilia, wangebaki palepale kuniuliza kuna nini. Nikapuliza, mlio mmoja mrefu.

Wakaja wananung'unika. Kabula akabaki amechuchumaa, anageuza viazi kwa kijiti.

"Mama, nimalizie hivi viwili! Ni vya kwako, usije ukatununia!"

"Kabula! Acha!"

"Vitaungua!"

"Viungue! Njoo hapa!"

Akaja kwa madaha, makusudi aniudhi, anarusha kiazi cha moto mkono huu mkono ule. Kila hatua yake niliihesabu. Alipofika nikamvuta kanga, akaanguka nyuma ya kichuguu, na wote nikawalaza chini.

Lundo likaendelea kuwaka tu. Masanja, anayetupigia ngoma tukilima, akaanza kucheka. "Bibi kazeeka jamani."

Ndipo lundo likapasuka. Mawe yakapita juu yetu, udongo ukatumwagikia. Nikahesabu watu. Wote walikuwepo. Kabula alikuwa bado ameshika kiazi.

Askari alipofika akauliza nani aliweka chuma pale. Nikasema mimi. Kabula akanitazama sana.

"Kuna kingine, mama?" askari akauliza.

Nikayafikiria malundo yote ya shamba lile na miaka yote ile. "Sijui. Nilikuwa siangalii."

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuwaonyesha askari malundo, moja baada ya jingine. Wakapata kingine. Filimbi nikamvisha Kabula, nikastaafu.

Sasa niko Kiseke kwa binti yangu, nalima mchicha. Watu hunishukuru kwa filimbi ile. Mimi nawaambia wanyamaze, bomu nililiweka mwenyewe.

Nyie mnaoshika jembe leo, likilia vingine, simama. Usiguse. Rudi nyuma, ita watu, mstari na ukuache. Nyampara akikufokea, mwambie nimesema mimi.